KAVA LISILOVUNJIKA

Sehemu ya Sita

Kuna msomaji aliniandikia wiki iliyopita. Barua yenyewe mistari miwili tu: "Wewe huna mkosi. Wewe ni mkaidi, na unatupotezea muda."

Nilinuna siku nzima. Nilimtukana kimoyomoyo, yeye na wazee wake. Halafu nikakaa kuandika hii ya leo, na kalamu ilipofika katikati nikaona yule bwana hana kosa.

Kwa aliyechelewa kufika, nitamfupishia. Mimi ni mtoboa mwamba kwenye machimbo ya mawe. Natoboa mashimo, wenzangu wanatia baruti, mwamba unalipuliwa, mawe yanakwenda kusagwa kuwa kokoto. Nina mke mmoja na binti mmoja wa miaka sita tunayemwita Kidoti, kwa ajili ya kidoti cheusi alicho nacho shavuni. Kidoti alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi tatu tu, midomo inamgeuka rangi na inabidi nimbebe.

Tundu hilo linahitaji kupasuliwa na daktari bingwa anayetoka mbali, na bingwa huyo huja mara mbili kwa mwaka, wiki moja moja. Hospitali hupiga simu nafasi ikitokea. Wakipiga mara mbili bila kukupata, wanashuka kwenye jina linalofuata.

Safari iliyopita walipiga. Simu yangu siku hiyo ilikuwa imetumbukia kwenye mashine ya kusagia mawe. Mliisoma, na najua mlicheka. Nafasi ya Kidoti akapewa mtoto mwingine. Nyumbani ikabaki simu moja, ya mke wangu. Nikaichukua ile, nikaapa kwamba haitakufa mikononi mwangu, nikaenda kuinunulia kava.

Jamani, lile lilikuwa kava! Raba nene, chuma kwenye pembe, skrubu sita, na kioo cha plastiki juu ya kioo chenyewe. Muuzaji aliliangusha kwenye sakafu ya zege mara tatu mbele ya macho yangu. Simu ilipoingia humo ilitoka nzito kama tofali.

Nikaipeleka kazini. Nani aliniambia niipeleke kazini?

"Angusha tuone!" wenzangu wakasema.

Nikaangusha. Nikaitupa kutoka juu ya ukingo wa mwamba, ikadunda, ikabiringika, na nilipoiokota saa kwenye kioo ilikuwa bado inasoma. Watu tisa wakapiga makofi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Wakanibatiza jina: Kava. Mimi maishani mwangu nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi hata siku ya harusi yangu, kwa hiyo nilivimba kichwa.

Lakini ukitupa kitu maweni kila siku, vumbi litatafuta njia. Siku ya sita jioni nikaona vumbi jeupe limejipenyeza chini ya kioo. Nikashtuka. Nikachukua silikoni, ile gundi tunayozibia mipira ya mtambo wa kutobolea, nikakaa kitandani, nikaanza kuziba.

Nanyi mnielewe hapa. Sisi watoboaji tuna adabu moja: ukimaliza shimo, lizibe hapo hapo kwa tambara, la sivyo vumbi litalijaza na kazi yako imekwenda bure. Miaka kumi na miwili mkono wangu umefanya hivyo. Ukiona tundu, ziba. Siku hizi hata nikiona tundu ukutani kwa jirani vidole vinaniwasha.

Nikaziba la chaji. Nikaziba maungio. Nikaziba vichwa vya skrubu zote sita. Nililiacha la kusikilizia tu, kwa kuwa hilo nililijua. Chini ya kava kulikuwa na kitundu kimoja kidogo, cha kupitisha ncha ya sindano. Nacho nikakiziba. Sikujiuliza kilikuwa cha nini.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya mwisho ya daktari.

Wiki nzima Kidoti alikuwa kwenye orodha ya akiba. Agizo la watoto wa akiba lilikuwa moja: kila siku wasile wala kunywa kitu mpaka saa sita mchana, kwa sababu nafasi inaweza kutokea wakati wowote. Nesi alitueleza mimi na mke wangu, tukiwa tumekaa kwenye benchi moja. Mtoto akipewa dawa ya usingizi huku tumbo lina chakula, chakula kinaweza kurudi na kumziba pumzi, na asiamke tena. Mke wangu alimwomba arudie. Nesi akarudia.

"Leo niachie simu," mke wangu aliniambia mlangoni.

"Simu iko salama kwangu kuliko kwako. Umeliona kava?"

"Sikuulizi kava, baba Kidoti. Naomba simu."

"Hospitali wanataka kuongea na baba."

"Wanataka kuongea na mtu atakayepokea."

Nikacheka. Nikaiinua simu mpaka usawa wa kichwa na kuiachia. Ikadunda sakafuni, puu! Kidoti alikuwa analia njaa pale kwenye mkeka, akanyamaza, akacheka, akasema, "Tena, baba!"

Mke wangu hakucheka. Alichukua ndoo akaenda bombani. Aliporudi mimi nilikuwa nimeshavaa buti, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Aliitua ndoo, akanipisha.

Sasa machimboni. Siku ya kulipua, simu zote hubaki getini ndani ya sanduku la chuma, na mama mlinzi hukaa na ufunguo. Baruti yetu huwashwa kwa nyaya za umeme, na kila mtu anajua kwamba simu ikilia karibu na nyaya zile inaweza kuiwasha kabla ya wakati. Si mambo ya utani. Siku hiyo ilikuwa siku ya kulipua.

Mimi nikaificha ndani ya buti. Ndiyo, najua. Mtaandika barua tena. Andikeni.

Saa nne kasoro robo nilikuwa chini shimoni, naziba shimo la mwisho kwa tambara, nikasikia kifundo cha mguu kinatetemeka. Nikaacha kila kitu. Nikakimbilia nyuma ya jiwe kubwa mbali na nyaya, nikavua buti, nikapokea.

"Haloo, wodi ya watoto hapa. Naongea na mzazi wa mtoto wa tundu la moyo, aliye kwenye akiba?"

"Ndiyo! Ndiyo dada, mimi ndiye baba yake!"

"Haloo?"

"Niko hapa! Nakusikia vizuri!"

"Haloo... Mbona kimya?"

Nikapiga ukelele mpaka koo likawaka moto. Nikasema jina langu, nikasema la mtoto, nikasema la mama yangu mzazi, kama vile lingesaidia.

"Amepokea lakini haongei," nikamsikia akimwambia mwenzake. Akakata.

Nikaitazama namba nipige. Haikuwepo. Ilikuwa imefichwa, kama zilivyo namba za ofisi. Kadi ya hospitali ilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu. Mke wangu hakuwa na simu, kwa sababu simu yake ndiyo hii niliyoishika.

Nikaigeuza juu chini. Nikakiona kile kitundu kidogo, kimejaa silikoni, kimetulia. Hapo ndipo nilipojua kilikuwa cha nini. Ni cha kuongelea.

"Kava! Unafanya nini huku?"

Alikuwa Patasi, mwenzangu kwenye mtambo. Akaiona simu. Uso ukambadilika.

"Wewe mwendawazimu? Juu wanaunganisha nyaya! Unataka kutuzika?"

"Hospitali wamepiga, Patasi. Hawanisikii. Nimeliziba tundu la sauti."

"Umeziba nini?"

"Nimeziba!"

Patasi ana watoto watano. Hakuuliza zaidi. Akapiga magoti, akatoa kisu akaanza kukwangua skrubu. Silikoni ilikuwa imeshakauka, inatoka punje punje. Nikampokonya. Nikaiweka simu juu ya jiwe, nikachukua nyundo ndogo, nikapiga pembe ya kava. Nyundo ikaruka nusura initoe meno. Nikapiga tena. Kava halikupata hata mkwaruzo. Muuzaji yule alisema kweli tupu, na nadhani ndiye mtu mkweli peke yake katika mkasa huu.

"Acha, utaua simu yenyewe," Patasi akasema. Akaokota kipande cha waya, akakisukuma kwenye kile kitundu. Waya ukakatikia humo humo.

Nikatafuta waya mwingine.

Juu, msimamizi akapuliza firimbi. Tunamwita Firimbi kwa ajili hiyo. Mara moja: wote watoke shimoni. Akipuliza mara ya pili anahesabu watu getini. Ya tatu ni mlipuko.

"Twende," Patasi akanivuta. "Twende, tutafungulia juu."

Simu ikatetemeka.

Nilipokea kabla haijatetemeka mara ya pili.

"Haloo, wodi ya watoto tena. Mzazi, hii ni mara ya pili na ndiyo ya mwisho. Mtoto aliyekuwa apasuliwe leo amepata homa, nafasi ni ya kwenu. Kama unanisikia, sema chochote. Nahesabu mpaka tano, nisipokusikia naita jina linalofuata. Samahani sana. Moja."

"Nakusikia! Dada, nakusikia!"

"Mbili."

Nilipiga magoti. Sioni aibu kuwaambia. Nililia kwa sauti mbele ya mwanamume mwenzangu, huku nimeibandika ile simu mdomoni kama mtu anayeibusu.

"Tatu."

"Mungu wangu! Nakusikia!"

"Namba!" Patasi akapiga kelele. "Bonyeza namba! Kama ukipiga ofisini wanavyokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili! Hiyo haihitaji mdomo!"

"Nne."

Nikafungua namba kwenye kioo, nikabonyeza ya kwanza kidole kilipoangukia.

Piii.

Nesi akauliza, "Nani anabonyeza?"

Piii.

"Unanisikia? Kama unanisikia, bonyeza mara moja."

Piii.

"Simu yako haipitishi sauti?"

Piii.

"Masikini! Subiri, subiri hapo hapo. Wewe ndiye baba wa mtoto?"

Piii.

"Unakubali mwanao apasuliwe leo?"

Piii! Hiyo niliibonyeza kwa nguvu hata kidole kikauma. Patasi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anacheka na kulia kwa pamoja. Nami nikacheka. Katika sehemu zote sita za mkasa huu, sijawahi kuwa na furaha kama ile, na haikumaliza dakika.

"Fomu inasema mnakaa nyuma ya ghala la saruji, mlango wa bluu. Bado mko hapo?"

Piii.

"Basi msihangaike. Gari letu liko upande huo huo, dereva atapita kumchukua mtoto na mama yake sasa hivi. Mtoto anaingia chumba cha upasuaji saa tano. Swali la mwisho, nalo nisikilize vizuri, baba. Mtoto amekula au kunywa kitu chochote leo? Kama hajala, bonyeza mara moja. Kama amekula, bonyeza mara mbili."

Ndugu zangu, kuna jambo niliwaruka hapo juu. Nilisema mke wangu alichukua ndoo akaenda bombani. Sikusema mimi nilifanya nini alipokuwa huko.

Kidoti alianza kulia tena. "Baba, tumbo linauma." Siku ya saba hiyo analia hivyo kila asubuhi, na kila siku saa sita ilifika hakuna aliyepiga. Nikasema moyoni, hawa hawapigi tena. Siku ya mwisho hii, watapigaje leo? Nikaona mama yake amezidi ukali. Nikakata kipande cha mkate, nikamimina maziwa kwenye kikombe, nikampa. Alikula kwa mikono miwili. Akanywa maziwa yote, nikampangusa mdomo kwa shati langu, nikaosha kikombe na kukirudisha mahali pake.

"Hii ni siri yetu," nikamwambia. "Mama asijue. Mtu yeyote asijue. Sawa?"

"Sawa, baba."

Ilikuwa saa moja na nusu. Sasa ilikuwa saa nne, na nesi alikuwa ananisubiri.

Nikibonyeza mara mbili, nafasi inakwenda kwa mwingine, na daktari anaondoka kesho. Miezi sita tena. Nilikuwa nimemsikia Kidoti akipumua usiku, na sikuwa na hakika kama miezi sita anayo. Nikibonyeza mara moja, anaingia chumba cha upasuaji na mkate tumboni, na nilijua nesi alisema nini kuhusu hilo. Alisema mara mbili.

"Baba? Uko hapo?"

"Jibu, bwana!" Patasi akasema. Hakujua. Yeye alidhani ni swali jepesi.

Nikabonyeza mara moja.

Piii.

Na kidole kilikuwa bado hewani, juu ya kioo, mkono wa mtu ulipotokea nyuma yangu na kuinyakua simu. Alikuwa Firimbi. Alikuwa amepuliza mara ya pili, akahesabu watu getini, akakuta wawili hawapo, akashuka mwenyewe.

"Simu? Simu shimoni? Siku ya baruti?"

"Nipe! Sijamaliza! Nipe nibonyeze!"

Nikamrukia. Patasi akanikamata kiunoni, akidhani nataka kupigana. Sauti ya nesi ilitoka kwenye ile simu mkononi mwa Firimbi, nyembamba, ikiwa na furaha. "Hajala. Vizuri sana, baba. Tunamsubiri." Kisha Firimbi akaizima.

Sasa ninyi mtaniuliza kama kidole changu kilikuwa kinakwenda kubonyeza mara ya pili. Firimbi aliniuliza, nikamwambia ndiyo. Patasi aliniuliza, nikamwambia ndiyo, tena nikaapa. Kwenu siwezi kuapa. Kilikuwa hewani. Sijui kilikuwa kinashuka au kilikuwa kimeshatosheka.

Nilimweleza Firimbi habari ya mkate na ya nesi huku nikihema. Uso wake ukalegea. Akaiwasha simu akanirudishia, tukasubiri wote watatu kama wajinga, tukaitazama. Haikulia. Nani apige tena? Wao walishapata jibu.

"Gari langu limekwenda kuleta nyaya," akasema. "Huna usafiri. Kimbia."

Nikakimbia. Buti moja mguuni, nyingine niliisahau nyuma ya jiwe. Nilipita getini mama mlinzi akaniita, nikapita kwenye lundo la kokoto, nikashika barabara ya magari ya saruji. Nyuma yangu nikasikia firimbi ya tatu, na ardhi ikatikisika. Sikugeuka. Nilikuwa nahesabu saa: saa nne na nusu, saa nne na dakika arobaini. Nilikuwa naomba gari la hospitali lipasuke tairi. Mimi, niliyelisubiri gari hilo miaka sita, niliomba lipasuke tairi.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Mkeka uko chini. Kikombe kiko mahali pake, kisafi.

Jirani yetu, mshonaji, akatoka mbio na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Alikuwa anatabasamu na macho yamemjaa machozi.

"Umechelewa, baba Kidoti! Wameondoka sasa hivi! Gari lilikuja na nesi wake kabisa. Mkeo alishindwa hata kufunga mlango kwa furaha. Ameniambia nikupe salamu hizi kama zilivyo: 'Mwambie baba yake anisamehe. Kava limefanya kazi.'"

Nikamshika mabega. "Nesi aliuliza kama mtoto amekula?"

"Aliuliza, ataachaje? Mkeo akaapa kwamba hajagusa kitu tangu jana. Nesi hakutosheka, mtu makini yule. Akachuchumaa akamuuliza Kidoti mwenyewe: 'Mama, leo umekula nini?'"

"Akasema nini?"

Mshonaji akacheka.

"Yule mtoto wako ana akili! Alimtazama mama yake, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akatikisa kichwa."